UZI: Mgonjwa wa mapafu sugu asiachwe akonde. Tuzungumze sahani yake

LisheMlangoni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni afisa lishe, nipo kliniki ya kifua huku mkoani. Kuna jambo linajirudia mno hadi nimeona nililete hapa. Mzee anaingia ameshikwa mkono, kola ya shati inamcheza shingoni, anatweta kabla hata hajakaa. Ukiuliza anakula nini, ndugu wanajibu bila wasiwasi: tumemwachisha nyama, mayai, maziwa na mafuta, sasa ni uji mweupe na mboga za kuchemsha, tunamlinda. Wamefanya kwa mapenzi kabisa. Ila huo ni ushauri wa mtu mwenye kitambi na presha, na wamempa mtu ambaye mwili wake unajitafuna.

Nikisema mapafu sugu nakusanya watu kadhaa. Wapo wenye COPD, kama madaktari wanavyoandika kwenye kadi, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, iwe imetokana na sigara au na miaka mingi ya moshi wa kuni. Wapo waliomaliza dawa za TB, wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Wapo waliovuta vumbi la mawe migodini. Vyanzo ni tofauti, ila wakifika kwenye chakula shida zao zinafanana sana.

Wanakonda kwa sababu kuhema kwenyewe kwao ni kazi ya sulubu. Vijitabu vya lishe vinavyogawiwa hospitalini hukadiria kuwa misuli ya kupumua ya mgonjwa wa COPD inaweza kutumia nishati hata mara kumi ya ile ya mtu mzima wa afya. Anaichoma akiwa amekaa, anaichoma usiku akiwa amelala. Wakati huohuo anakula kidogo kwa sababu akila anakosa pumzi. Nishati ikipungua, mwili unakwenda kuichukua kwenye misuli: mapaja, mabega, na hata ile misuli inayomsaidia kuvuta hewa. Hapo anazidi kuchoka, anazidi kula kidogo.

Mwaka 2004 Bartolome Celli na wenzake walichapisha kipimo kinachoitwa BODE cha kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa COPD. Vipengele vyake ni vinne: jinsi njia za hewa zilivyoziba, ukali wa kukosa pumzi, umbali mtu anaoweza kutembea kwa dakika 6, na uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI. Kwenye kipimo hicho BMI ya 21 kushuka chini inaongeza alama ya hatari. Angalieni hapo: kwa mtu wa kawaida tunaanza kusema amekonda akiwa chini ya 18.5. Kwa hawa tunaanza kuhangaika mapema zaidi. Mtu wa urefu wa mita 1.65 anafika BMI ya 21 akiwa na kilo 57 hivi. Kwa hiyo mzee wa urefu huo mwenye kilo 52, ambaye majirani wanamsifu kuwa "yuko mwepesi", mimi namwandikia mpango wa chakula siku hiyohiyo.

Na chakula kinasaidia, si maneno ya kufarijiana. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 17 ya kuwaongezea chakula wagonjwa wa COPD. Waliokuwa na utapiamlo waliongezeka uzito, na nguvu za misuli ya kupumua zikapanda pia.

Sasa sahani yenyewe. Nasisitiza milo midogo, mara tano au sita kwa siku. Tumbo likijaa linasukuma kiwambo juu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mapafu yanakosa nafasi. Ndiyo maana anasukuma sahani baada ya matonge manne. Mkimpimia ugali wa mtu mzima mnamkatisha tamaa tu. Mpeni kidogo, lakini kila kijiko kiwe na kitu ndani: uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa na kukorogwa karanga za kusaga, mtori wenye nyama iliyopondwa humohumo, wali uliotiwa kijiko cha samli, parachichi pembeni. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa yana kalori 120 hivi na hayachukui nafasi tumboni.

Protini ndiyo inayojenga misuli. Tunalenga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 55 anahitaji gramu 66 hadi 82. Inasikika nyingi, lakini hesabuni nami: mayai mawili yanakupa kama gramu 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja 20, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, konzi ya karanga 7. Hapo tuko 70, na hatujagusa nyama. Dagaa wakavu ndio mkombozi wa mwenye kipato kidogo. Toeni vichwa, osheni vizuri, kaangeni, twangeni unga mtie kwenye uji au mchuzi. Mnapata protini na madini ya chokaa kwa pamoja.

Kabla ya kula apumzike nusu saa. Kama ana makohozi ayatoe kwanza. Kama daktari amempa pampu ya kufungua njia za hewa na wakati wake umefika, aitumie kabla ya mlo. Akae wima, miguu chini, viwiko mezani, na baada ya kula asilale palepale. Chakula kizito kiwe asubuhi au mchana, kwa sababu wengi jioni wamekwisha nguvu.

Karibuni kwa maswali. Kama mgonjwa wako ana figo, kisukari au moyo, taja, maana majibu yanabadilika.

BintiUsambara

Asante sana dada (au kaka, samahani). Baba yangu alimaliza dozi ya TB na alipimwa akaambiwa amepona. Lakini kifua kinabana, na chakula hataki kabisa. Anasema kila kitu kina ladha ya chuma, hata ndizi za nazi alizokuwa anazipenda. Amepewa pampu mbili, ya bluu na nyingine ya rangi ya kahawia. Tumejaribu kumpa dawa za kuongeza hamu ya kula lakini wapi.

LisheMlangoni

Ni dada. Pole kwa kuuguza.

Fanya jambo moja leo: mwambie afungue kinywa mwangani, umwangalie ulimi na mashavu kwa ndani. Pampu za namna hiyo ya kahawia mara nyingi huwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na asiposukutua baada ya kuivuta anaweza kuota fangasi mdomoni, utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Chakula kinakosa ladha na kumeza kunauma. Kama upo, apelekwe apewe dawa. Kama haupo, bado aanze kusukutua na kutema kila akimaliza kuvuta. Dawa za hamu ya kula zisubiri; kwanza tujue kilichoiondoa hamu.

La pili, na hili nalisema kwa uzito wake: mtu aliyewahi kuugua TB, akianza kukonda tena, hasa akiwa na homa za jioni au jasho la usiku, arudi akapimwe makohozi. Isichukuliwe kuwa ni makovu tu. TB inaweza kurudi, na hakuna chakula kitakachoifunika.

Mpiga Kokoto

Wakuu mimi nilivunja mawe miaka mingi, kifua kikaharibika. Nafuatilia video moja mtandaoni jamaa anasema mwenye mapafu mabovu aache wanga kabisa: ugali, wali, viazi, ndizi, vyote. Eti wanga unazalisha hewa ya ukaa nyingi mwilini na mapafu yanashindwa kuitoa. Nimejaribu, nimeishiwa nguvu hadi kuamka shida. Je ni kweli au nimedanganywa?

LisheMlangoni

Kaka, kuna ukweli ndani yake, ila umenyoshwa mpaka ukavunjika.

Mwili ukiunguza wanga, kwa kila sehemu 10 za oksijeni inayotumika zinatoka sehemu 10 za hewa ya ukaa. Ukiunguza mafuta zinatoka kama 7. Protini iko katikati, 8 hivi. Hiyo ni kemia na haina ubishi. Ndiyo maana zamani hospitali za Ulaya na Marekani zilitengeneza vinywaji maalumu vya mafuta mengi na wanga kidogo kwa ajili ya wagonjwa hawa. Lakini vilipolinganishwa na vinywaji vya kawaida vya kuongeza nguvu, wagonjwa wa COPD walio katika hali tulivu hawakupata faida ya ziada. Mwongozo wa ESPEN, chama cha Ulaya cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa, ulisema hivyo mwaka 2006, na ukapendekeza kiasi kidogokidogo mara nyingi ili mtu asikose pumzi baada ya kula.

Kinachozidisha hewa ya ukaa hasa ni kulishwa kupita mahitaji yote ya mwili, na hilo tunalihofia zaidi kwa aliyelazwa mahututi. Wewe umeacha ugali, na mafuta na nyama za kuziba pengo hilo huna kila siku. Matokeo yake umebaki na njaa. Rudisha ugali wako, punguza ukubwa wa tonge, ongeza mboga yenye karanga au dagaa. Utaona nguvu zinarudi.

Ambacho ningependa ukipunguze kwa kweli ni soda. Gesi yake inajaza tumbo na sukari yake haijengi msuli wowote.

Mwl. Mstaafu

Nawasalimu wote. Mimi mwenyewe ndiye mgonjwa, COPD, nilivuta sigara tangu ujana na nimeshaacha. Nataka kuongeza jambo ambalo wauguzaji hawalioni.

Kula kunachosha. Watu wanadhani ni uvivu au ni kudeka. Ukitafuna huwezi kuvuta hewa vizuri kwa mdomo, ukimeza unazuia pumzi kidogo, na kwetu sisi hicho kidogo ni kirefu. Nyama ya kuchoma niliyokuwa naila kwa furaha sasa naiona ni mlima. Kwenye harusi nakaa mwisho wa meza nisionekane nikitweta katikati ya pilau. Watu wakikuangalia unapoteza hamu, na unaporudi nyumbani unasema umeshiba. Hujashiba. Umeona aibu.

Kilichonisaidia ni mke wangu kuacha kunihimiza "kula, kula, chakula kinapoa". Ananiwekea kibakuli, anakaa na kuzungumza habari nyingine. Nyama inakatwa ndogo sana au inasagwa. Samaki ni rahisi kuliko nyama. Naweka kijiko chini kila baada ya tonge, navuta hewa puani na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama napuliza chai, kisha naendelea. Chakula kikipoa kinapashwa.

Wauguzaji, msituondoe mezani. Lakini pia msituhesabie matonge.

LisheMlangoni

Shikamoo Mwalimu. Naomba kila aliyeingia kwenye uzi huu asome ujumbe wako kabla ya kusoma wangu. Hilo la aibu tunalikosa kliniki kwa sababu tunauliza "unakula mara ngapi" na hatuulizi unakula na nani.

Naongeza tu kwamba mwenye kutumia oksijeni ya nyumbani kupitia mirija ya puani asiivue wakati wa kula, isipokuwa daktari amemwelekeza hivyo. Wengi wanaivua kwa heshima ya wageni, na kumbe mlo ndio wakati wanaoihitaji zaidi.

Kijana wa Mwendokasi

Maziwa mnayoyasifia yanatengeneza makohozi. Bibi yangu alikuwa hatupi maziwa tukiwa na mafua. Na bado mnawapa wagonjwa wa kifua? Naomba mtuambie ukweli.

LisheMlangoni

Ndugu yangu, bibi yako hakuwa peke yake, imani hii ipo duniani kote. Imepimwa. Mwaka 1990 kule Adelaide, Australia, watu 60 wazima waliambukizwa kwa makusudi kirusi cha mafua, wakaandika kila siku maziwa waliyokunywa, na kamasi zao zikapimwa uzito. Waliokunywa maziwa mengi hawakutoa kamasi zaidi. Kinachotokea ni kuwa maziwa yakichanganyika na mate yanaacha utando mzito kooni kwa muda, na mtu anadhani ni makohozi mapya.

Kama utando huo unamkera mgonjwa, anywe maji kidogo baada ya maziwa, au ajaribu mtindi. Mwenye mzio wa maziwa ni habari nyingine. Lakini kumnyima maziwa mtu wa kilo 45 kwa sababu hiyo ni kumwondolea moja ya vyakula vichache anavyoweza kumeza bila kutafuna.

Maji ya Dafu

Assalaam aleikum. Nipo Unguja. Babu yetu ana mapafu, anatumia pampu na vidonge vya aminofilini vya kufungua njia za hewa. Kahawa haachi, tena ile chungu ya barazani, vikombe na vikombe, kwa kashata. Usiku halali, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka. Na swali la pili, Ramadhani anafunga. Tukimwambia apumzike anakasirika. Magharibi anakula futari yote kwa mpigo, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, kisha anaanza kukabwa na pumzi tunabaki tunampepea.

LisheMlangoni

Waaleikum salaam. Kahawa kwanza, maana hiyo ni ya haraka. Aminofilini na kafeini ni ndugu wa ukoo mmoja. Zikikutana nyingi mwilini zinaongezana: moyo kwenda mbio, kutetemeka, kichefuchefu, kukosa usingizi, dalili ulizozitaja zote. Dawa hii haina nafasi kubwa kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru, kwa hiyo mpelekeni aonwe haraka, na mweleze daktari habari za kahawa. Asiache dawa mwenyewe. Barazani aende kama kawaida, lakini kikombe kiwe kimoja, au anywe chai ya tangawizi. Pia, akiandikiwa antibayotiki kama siprofloksasini au erithromaisini mkumbusheni daktari kuwa yupo kwenye aminofilini, kwa kuwa zinaipandisha kwenye damu.

Kuhusu saumu, uamuzi wa dini si wangu na sitaki kuuvamia. Kwa upande wa mwili nasema hivi: mgonjwa ambaye tayari amekonda, au anayebanwa mara kwa mara, kukaa mchana kutwa bila maji, chakula na dawa za mchana kunamweka pabaya. Ratiba ya dawa ipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama. Na akila, aigawe futari: tende na uji wa moto kidogo, akaswali, apumzike, ndipo ale kidogo cha kushiba, na baada ya tarawehe ale tena. Bokoboko lenye kuku ni chakula kizuri sana kwake, laini na lina protini. Kaimati mbili zinatosha. Daku asiiache.

Ummu Salma

Naongezea kwa ndugu wa Unguja. Surat al-Baqara aya ya 184 imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa anatoa fidia ya kumlisha maskini. Wazee wetu hawatusikii sisi watoto. Mtafuteni sheikh anayemheshimu, akae naye ana kwa ana. Kwetu Tanga baba alikubali hivyo, na hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Nshomile

Wa Bukoba tupo. Senene mmewasahau! Je, wanafaa?

LisheMlangoni

Wanafaa sana, wana protini na mafuta mazuri. Wakaangwe bila chumvi nyingi, watolewe mabawa na miguu vizuri, na kwa mwenye meno machache watwangwe. Mwenye mzio au pumu inayoamshwa na wadudu au kamba wa baharini awe mwangalifu, aonje kidogo kwanza.

Mama wa Watatu

Mimi nauguza mama mkwe. Amevimba miguu, daktari amesema kifua kimeelemea moyo, amepewa Lasix ya kutoa maji mwilini na prednisoloni, vile vidonge vya steroidi. Nimesoma hapo juu habari za dagaa nikaanza kumpikia kwa bidii, na supu ya mifupa juu yake. Sasa najiuliza, chumvi? Na uzito wake umepanda kweli, nimefurahi, lakini uso pia umejaa.

LisheMlangoni

Ahsante kwa kuuliza kabla hujaendelea, mama. Kwa mgonjwa wako mambo yanabadilika.

Uzito unaopanda kilo mbili ndani ya siku chache mara nyingi ni maji, si nyama. Miguu ikivimba mizani inadanganya: mtu anaonekana amenenepa kumbe misuli inaendelea kuisha chini ya yale maji. Mpimeni kila asubuhi akishatoka msalani na kabla ya kula, nguo zilezile, mwandike. Ukiona unaruka ghafla, rudi hospitali, usisubiri tarehe ya kliniki. Na maji ya kunywa ambayo kwa wengine tunasema glasi sita hadi nane kwa siku, kwake muulizeni daktari kiasi chake.

Chumvi ipunguzwe kweli. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwa pamoja na ile iliyojificha. Na inajificha kwenye papa na ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, vidonge vya kukolezea mchuzi, soseji na mkate. Dagaa waloweke, umwage maji, ndipo upike bila kuongeza chumvi. Tumia limau, kitunguu saumu, bizari, majani ya giligilani. Supu ya mifupa peke yake isikudanganye: ina harufu nzuri na protini kidogo. Anatakiwa ale minofu iliyomo.

Lasix inaondoa potasiamu mwilini kupitia mkojo, na pampu ya bluu, ile ya kufungua njia za hewa, nayo inaishusha kwenye damu. Ndizi mbivu, viazi, machungwa na maji ya dafu vinairudisha. Lakini kama ana figo mbovu, au amepewa spironolaktoni, dawa ya kutoa maji inayobakiza potasiamu mwilini, potasiamu inaweza kuzidi na hilo ni hatari kwa moyo. Waulizeni wapime damu kabla hujamjaza madafu.

Prednisoloni anywe akiwa amekula. Inapandisha sukari ya damu na inadhoofisha mifupa ikitumika muda mrefu. Kwa hiyo asali na juisi za sukari zisiwe tiba ya kila saa, maziwa na dagaa wenye mifupa viwepo, na aote jua la asubuhi. Uso kujaa kunaweza kuwa ni hiyo dawa. Asiiache ghafla kwa sababu hiyo; kuikatiza bila kupunguzwa taratibu kunaweza kumwangusha.

Mpiga Kokoto

Dada nimerudia ugali kama ulivyosema na nimeanza dagaa. Ila naona tumbo ndilo linajaa, miguu bado miembamba.

LisheMlangoni

Kwa sababu protini bila kuutumia msuli haikai pale unapotaka. Hospitali ya Mulago, Kampala, wataalamu wa Makerere waliwaweka watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na TB kwenye programu ya mazoezi ya wiki 6, wakachapisha matokeo mwaka 2017: walitembea mbali zaidi na dalili zao zikapungua. Nawe huhitaji mashine za kifahari za mazoezi.

Anza na kiti. Kaa, simama bila kushika kitu, kaa tena. Rudia mpaka uhisi mapaja, pumzika, halafu rudia. Tembea uani, simama ukikosa pumzi, endelea. Baada ya zoezi ndipo unywe ule uji wa maziwa na karanga. Kama kifua kinauma au kichwa kinazunguka, acha na uonane na daktari kwanza.

Karanga chagua zisizo na ukungu, zisizosinyaa wala kubadilika rangi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi yote kwa kukaanga.

Mama wa Watatu

Na gesi jamani? Maharage yanamjaza mpaka analia kifua.

BintiUsambara

Mama, sisi tunaloweka usiku kucha, tunamwaga yale maji, tunachemsha, tunamwaga tena mara moja, ndipo tunapika. Kabichi mbichi na kachumbari ya vitunguu tumemwondolea. Choroko zinamkalia vizuri zaidi kuliko maharage. Na kila asubuhi papai, maana akikosa choo akijikamua anatoka bafuni amekwisha kabisa.

Halafu LisheMlangoni, ulimi tuliuangalia. Ulikuwa mweupe wote. Amepewa dawa ya kusukutua, na makohozi yamechukuliwa tena. Jana aliomba ndizi.

LisheMlangoni

Nimefurahi mno. Mpe ndizi, ziive sana, nazi nyepesi, na samaki aliyechambuliwa miiba humohumo. Majibu ya makohozi yakitoka yafuatilie wewe mwenyewe, usingoje kupigiwa simu.

Kijana wa Mwendokasi

Mmenishawishi kwenye maziwa. Swali la mwisho: nyumbani tunapikia mkaa, jiko lipo korido karibu na chumba cha bibi. Tunafungua dirisha. Inatosha?

LisheMlangoni

Haitoshi. Unaweza kumpikia chakula bora kuliko vyote halafu moshi wa kukipika ukamlaza. Harufu ya pilipili na kitunguu vikiungua kwenye mafuta nayo inawabana wengi, kwa hiyo hata kwenye gesi asikae karibu wakati wa kuunga. Kwa mkaa, jiko litoke nje kabisa, liwashwe nje na lisirudishwe ndani hata likiwa limebaki makaa mekundu, maana yale bado yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nyumba yenye mgonjwa wa mapafu isisubiri mwaka huo. Kama fedha zinaruhusu kitu kimoja tu, anzeni na mtungi mdogo wa gesi kwa vyakula vya haraka vya mgonjwa, uji, mayai na kupasha, na maharage yapikwe uani.

Na kama bibi anatumia oksijeni, asisogelee moto wa aina yoyote, awe umbali wa mita 3 au zaidi, hata kama anataka tu kuonja chumvi. Mirija ya oksijeni karibu na moto inawaka na kumuunguza mtu usoni. Kibandikeni chumba chake karatasi ya kukataza sigara na mishumaa, na wageni waambiwe mlangoni.

Maji ya Dafu

Babu kaonwa. Dawa imepunguzwa, kahawa kikombe kimoja asubuhi, baada ya hapo tangawizi. Sheikh anakuja Ijumaa baada ya swala. Amelala usiku mzima.